USO WA SAA YA MFUKONI: JINSI YA KUUTAMBUA NA KUKADIRIA UMRI WAKE

Siku hizi mtu akitaka kujua majira hutazama simu yake, wala hana haja ya kutoa saa mfukoni na kufungua kifuniko chake. Hata hivyo saa za mfukoni hazikwisha duniani. Ziko zilizolala masandukuni pamoja na hati za shamba na picha za marehemu. Ziko zilizo mezani pa mafundi, ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Na ziko zinazotembezwa na wachuuzi, ambao humwapia mnunuzi kwamba saa hii ni ya miaka mia mbili, na kwa sababu hiyo bei yake haina budi kuwa kubwa.

Basi mtu aliyerithi saa ya namna hiyo, au anayetaka kuinunua, hujiuliza maswali mawili. Je, ni ya zamani gani? Na je, ni saa moja kamili, au ni vipande vya saa mbalimbali vilivyounganishwa? Kitu cha kwanza anachokitazama ni uso wa saa, yaani ile sahani yenye tarakimu ambayo mishale huzunguka juu yake. Katika kufanya hivyo hakosei, maana uso una habari nyingi. Lakini yampasa auhoji kama hakimu amhojivyo shahidi: ausikilize kwa makini, kisha alinganishe maneno yake na ya mashahidi wengine. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Sababu ya kusema hivyo ni kwamba katika saa nzima, uso ni sehemu inayovunjika kwa urahisi na inayobadilishwa kwa urahisi. Saa ikianguka sakafuni, uso hupasuka hata kama mtambo umesalimika, na fundi huweka uso mwingine. Kwa hiyo uso waweza kusema kweli juu yake wenyewe, na huku usiseme kweli juu ya saa iliyouchukua.

UMEFANYWA KWA KITU GANI?

Swali la kwanza ni kitu chenyewe. Saa za Ulaya za karne ya 17 zilikuwa na nyuso za madini: fedha, dhahabu, au shaba iliyopakwa dhahabu. Kabla ya mwaka 1675 saa ya mfukoni ilikosea sana kila siku, hata haikuwa na maana kuhesabu dakika. Kwa hiyo nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu wa kuonyesha saa. Mwaka huo wa 1675 Mholanzi Christiaan Huygens alitangaza habari ya kamani nyembamba iliyozungushwa kama konokono, ambayo huongoza mwendo wa gurudumu la saa. Tangu hapo saa zikaanza kushika majira barabara, na katika miaka iliyofuata mshale wa dakika ukawa jambo la kawaida.

Uso wa Kiingereza wa mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18 hutambulika upesi. Aghalabu ni wa fedha au dhahabu, umechorwa maua na mapambo kwa patasi, na tarakimu zake zimechongwa kisha zikajazwa nta nyeusi. Saa zimeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na dakika zimeandikwa nje yake kwa tarakimu za kawaida: 5, 10, 15, na kuendelea.

Katika karne ya 18 uliingia uso mweupe wa enameli, na kufikia katikati ya karne hiyo ulikuwa umeenea Uingereza. Kila mtu aliyewahi kunywea chai katika kikombe cha enameli aijua tabia ya kitu hiki. Ni kioo kilichosagwa kuwa unga, kikamwagwa juu ya madini na kutiwa tanuuni hata kikayeyuka na kushikamana. Kwa uso wa saa madini hayo ni kisahani chembamba cha shaba nyekundu. Enameli hutiwa mbele na nyuma pia, kwa kuwa ikitiwa upande mmoja tu kisahani hupindika kinapopoa. Kisha tarakimu huandikwa kwa enameli nyeusi na kuchomwa tena. Nyuma ya kisahani huunganishwa vijiguu vya shaba, viwili au vitatu, ambavyo huingia katika matundu ya mtambo na kuushika uso mahali pake.

Wataka kuujua uso wa enameli? Uinamishe kidogo mbele ya dirisha. Utaona mng'ao wa kioo, laini na wenye kina, wala si mng'ao wa rangi iliyopakwa. Mara nyingi utaona nyufa nyembamba kama nywele, na ukingoni waweza kuona kidonda kidogo palipobanduka, kama kikombe kilichoanguka. Nyufa hizi hupunguza bei, lakini zina faida yake: ni vigumu kwa mlaghai kuziiga vizuri.

Sasa chukua kioo cha kukuzia na utazame tarakimu. Ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari, kama zile za picha ya gazeti, basi uso huo haukuchomwa motoni. Umepigwa chapa kwa mashine ya siku za karibuni. Hata hivyo usifanye haraka kulaumu kila uso wa karatasi. Kule Marekani ndugu wawili wa jina la Ingersoll walianza kuuza mwaka 1896 saa iitwayo Yankee kwa dola moja tu, na saa rahisi za aina hiyo zilitengenezwa kwa nyuso za karatasi tangu mwanzo. Karatasi juu ya saa ya dola moja ni halali yake. Karatasi juu ya saa ya dhahabu ndiyo inayopasa kukutia wasiwasi.

TARAKIMU NA MISHALE

Mtindo wa tarakimu ulibadilika kama mtindo wa nguo, na kwa sababu hiyo hutusaidia kukadiria umri. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 uso wa enameli ulikuwa na saa kwa tarakimu za Kirumi, na nje yake dakika kwa tarakimu kubwa za tano tano. Kadiri karne ilivyokaribia kwisha, tarakimu za dakika zilipungua: zikabaki 15, 30, 45 na 60 peke yake, halafu zikaachwa kabisa na nukta au mistari mifupi ikashika mahali pake. Tangu karibu mwaka 1790 mpaka 1820 hivi watu wengi walipenda saa zenyewe ziandikwe kwa tarakimu za kawaida. Baadaye tarakimu za Kirumi zilirudi kwa nguvu, zikatawala karne ya 19.

Jambo moja huwashangaza waliosoma hesabu shuleni. Juu ya nyuso za saa, nne ya Kirumi huandikwa mara nyingi IIII, wala si IV kama mwalimu alivyofundisha. Hilo si kosa la mchoraji wala si dalili ya saa ya uongo; ni desturi ya mafundi wa saa tangu zamani sana.

Ziko pia nyuso ambazo mstari wake wa dakika haukuchorwa kama duara, bali umepinda kati ya saa na saa kama matao ya daraja. Mtindo huo ulipendwa Uholanzi katikati ya karne ya 18 na miaka iliyofuata. Ajabu ni kwamba saa nyingi za matao hayo zina jina la fundi na neno London. Wataalamu wamegundua kwamba baadhi ya majina hayo, kama vile Tarts na Wilter, hayakuwa ya mafundi wa London hata kidogo. Saa za London zilisifiwa siku zile, basi watu wa nchi nyingine za Ulaya wakatengeneza za bei nafuu na kuzibandika sifa ya wengine. Kwa hiyo udanganyifu wa saa si jambo la jana. Ila saa hizo, kwa kuwa zenyewe zina umri wa zaidi ya miaka mia mbili, leo ni vitu vya kale vya haki, na wakusanyaji huzinunua wakijua habari yake.

Wakazi wa pwani wasistaajabu wakikutana na uso wenye tarakimu za Kiarabu, zile zinazoandikwa katika vitabu vya dini. Usidhani kwamba saa hiyo ilitengenezwa Arabuni. Mafundi wa London kama George Prior na Edward Prior walitengeneza saa nyingi kwa ajili ya soko la Uturuki, na baadaye viwanda vya Uswisi vikafanya vivyo hivyo. Waturuki wa zamani walihesabu saa tangu jua lilipokuchwa, na hesabu ya namna hiyo si ngeni kwetu. Mswahili hutazama mshale ukiwa juu ya 7 asubuhi na kusema ni saa moja, maana yeye huhesabu tangu kucha kwa jua. Uso wa saa haumsumbui. Huusoma kwa kuvuka upande wa pili.

TUNDU LA UFUNGUO NA KICHWA CHA SAA

Tazama kama uso una tundu. Saa nyingi za zamani za Ufaransa na Uswisi zilitiwa ufunguo kwa mbele, kupitia tundu lililo usoni, hali saa za Kiingereza aghalabu zilitiwa ufunguo kwa nyuma. Ukiona tundu usoni, angalia kama nyuma yake kipo kile kijiti cha pembe nne ambacho ufunguo hukishika. Kama hakipo, au kama kimekaa kando ya tundu, basi umekamata shahidi katika uongo: uso huo ulitoka katika saa nyingine.

Saa zisizotumia ufunguo, zile zenye kichwa kidogo cha kuzungushwa kwa vidole, zilianza kufanikiwa katika miaka ya 1840 kwa kazi ya Mfaransa Adrien Philippe na wenzake. Lakini ufunguo haukutoweka siku moja. Uliendelea kutumika kwa miaka mingi baadaye.

Mahali pa kichwa nako kuna maana. Katika saa iliyo wazi mbele, kichwa hukaa juu ya 12. Katika saa yenye kifuniko mbele, hukaa kando ya 3. Ukiona saa iliyo wazi ambayo kichwa chake kiko kando ya 3, fahamu kwamba yamkini mtambo wake uliundwa kwa ajili ya kasha lenye kifuniko, kisha ukahamishwa. Si lazima iwe hila. Makasha ya dhahabu yaliuzwa na kuyeyushwa nyakati za shida, na mtambo uliobaki ukapewa nyumba nyingine.

NYUSO ZA RELI

Hakuna kazi iliyobadilisha uso wa saa ya mfukoni kama kazi ya reli. Mwezi wa Aprili mwaka 1891, karibu na mji wa Kipton katika jimbo la Ohio, Marekani, garimoshi la barua lilikutana uso kwa uso na garimoshi la abiria. Watu kadhaa walikufa, wakiwamo makarani wa posta waliokuwa wakipanga barua ndani ya behewa lao. Husimuliwa kwamba saa ya mmoja wa waendeshaji ilisimama kwa dakika chache kisha ikaendelea tena, naye asijue. Baada ya msiba huo sonara mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, alipewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na katika miaka iliyofuata zikaenea kanuni kali.

Kanuni hizo zinaonekana usoni. Saa ya reli ya Marekani ilitakiwa iwe wazi mbele, uso mweupe, tarakimu za kawaida nene nyeusi, na kichwa juu ya 12, ili mtu aliyechoka, usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, asome pasipo kukosea. Wengine walizidi hapo. Henry S. Montgomery, mkaguzi wa saa wa reli ya Santa Fe, alibuni uso ambao kila dakika imeandikwa nambari yake, tangu 1 mpaka 60. Na huko Kanada, ambako reli zilitumia hesabu ya saa 24, nyuso nyingi zina duara la pili la ndani lenye tarakimu 13 mpaka 24. Ukiona uso wa namna hii, unajua mara moja ulifanyiwa kazi gani.

Reli ya kwetu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na Waingereza, nao walikuwa na desturi yao. Makampuni ya reli ya Uingereza yalitia herufi zao juu ya saa za wafanyakazi, usoni au mgongoni. Herufi hizo ni tarehe kamili kwa mtu anayezijua. Kwa mfano, kampuni ya L.M.S. ilianza mwaka 1923 na ikaisha mwisho wa mwaka 1947, reli za Uingereza zilipotwaliwa na serikali. Basi herufi zile haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1923, hata mwuzaji aape kwa kaburi la babu yake.

JINA LILILOANDIKWA

Watu wengi hudhani jina lililo usoni ni la fundi aliyeunda saa. Mara nyingi sivyo. Sonara aliyekuwa na duka aliagiza saa kiwandani na kuamuru jina lake na la mji wake liandikwe usoni. Kwa hiyo uso wenye jina la mji wa Uingereza waweza kufunika mtambo wa Uswisi. Tena majina mengine ya maduka yalipakwa juu tu pasipo kuchomwa, nayo hufutika yakisuguliwa.

Lakini jina la kiwanda, likiwapo, ni hazina. Kiwanda mashuhuri cha Waltham, Marekani, kilibadili jina mara kadha. Tangu mwaka 1859 mpaka 1885 kiliitwa American Watch Company. Tangu 1885 mpaka 1906 kiliitwa American Waltham Watch Company, na juu ya nyuso jina hilo mara nyingi lilifupishwa kuwa A.W.W.Co. Tangu mwaka 1906 kikaitwa Waltham Watch Company. Kadhalika kiwanda cha Elgin, kilichoanzishwa mwaka 1864, kiliitwa National Watch Company mpaka mwaka 1874, ndipo neno Elgin likaingia katika jina la kampuni. Na huko Uswisi, jina Omega lilianza kutumika kwa mtambo wa mwaka 1894, likawa jina la kampuni mwaka 1903.

Shusha macho mpaka chini kabisa ya uso, chini ya 6. Huko mara nyingi pameandikwa neno dogo sana: SWISS, au SWISS MADE. Neno hilo halikuwekwa kwa pambo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 iliamuru bidhaa zitokazo nchi za nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Basi uso wenye neno SWISS ukiambiwa ni wa mwaka 1850, rudisha saa mezani, mshukuru mwuzaji, ukaende zako. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

HATARI YA NURU YA GIZANI

Hapa nawasihi wasomaji wasome kwa makini, maana jambo hili si la fedha bali ni la afya.

Baadhi ya nyuso za karne ya 20 zina tarakimu na mishale iliyopakwa rangi nzito ya manjano au ya kahawia, ambayo zamani iling'aa gizani. Rangi hiyo ilienea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 mpaka 1918, askari walipohitaji kusoma saa usiku pasipo kuwasha kiberiti. Ndani yake mlikuwa na radiamu, madini yaliyogunduliwa mwaka 1898 na Marie Curie na mumewe Pierre. Huko Orange, New Jersey, wasichana waliozipaka nyuso hizo walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na kila mara walimeza kidogo. Mifupa ya taya zao ikaoza, na wengi wakafa. Wanawake watano, akiwamo Grace Fryer, waliishtaki kampuni mwaka 1927, nao wakalipwa fidia kwa mapatano mwaka 1928.

Leo nuru ya nyuso hizo imezimika, na mtu aweza kudhani hatari nayo imekwisha. Haikwisha. Kilichochoka ni ile dawa inayong'aa. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu tu. Saa iliyofungwa vizuri na kuwekwa kabatini haina hatari kubwa, lakini vumbi la rangi hiyo likivutwa puani au kumezwa laweza kukaa mifupani maisha yote. Kwa hiyo usifungue kioo chake, usikwangue rangi, usiipulize, wala usiwape watoto waichezee. Usiiweke chini ya mto unapolala. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie kabla hajaishika.

Onyo hili lahusu hasa nyumba zenye saa za jeshi. Saa za mfukoni za jeshi la Uingereza za Vita Kuu ya Pili hutambulika kwa alama ya mshale mpana mgongoni, na mara nyingi herufi G.S.T.P. Nyingi zilipakwa radiamu. Ikiwa babu alirudi kutoka vitani na saa ya aina hiyo, itunze kwa heshima, lakini itunze ikiwa imefungwa.

Tangu miaka ya 1960 viwanda vilianza kutumia tritiamu, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi, na nyuso hizo zikawekwa herufi T kando ya neno SWISS. Herufi hiyo nayo ni tarehe: uso ulio nayo si wa kabla ya miaka hiyo.

WAITE MASHAHIDI WENGINE

Baada ya kuuhoji uso, hapana budi kufungua nyuma. Usitumie kisu cha jikoni. Mwombe fundi akufungulie. Shahidi wa pili ni mtambo. Viwanda vya Marekani vilichonga nambari juu ya kila mtambo, na nambari hizo zilizidi kuongezeka mwaka hata mwaka. Orodha zake zimechapishwa, na kwa hizo mtu huweza kupata mwaka kwa karibu sana. Shahidi wa tatu ni kasha. Kasha la fedha la Kiingereza lina chapa: nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, na herufi moja iliyo kando huonyesha mwaka wa chapa.

Tutoe mfano. Tuseme umeletewa saa ya Waltham. Usoni pameandikwa jina zima, Waltham Watch Company. Fundi anafungua nyuma, na nambari ya mtambo inaonyesha mwaka 1883. Sasa mashahidi wawili hawapatani, maana mwaka 1883 kiwanda kile hakikuitwa hivyo. Mtambo hauwezi kubadili nambari yake kwa urahisi, lakini uso huondolewa kwa kulegeza skrubu mbili tatu. Tena viwanda vya Marekani viliunda vitu vyao kwa kipimo kimoja, hata uso wa saa moja ulikaa sawasawa juu ya nyingine ya aina ile ile. Hukumu ni rahisi: mtambo ni wa 1883, na uso uliwekwa baada ya 1906.

Je, saa hiyo ni ya uongo? La. Ni saa ya kweli iliyopata kutengenezwa. Ila haifai kulipiwa bei ya saa ambayo vitu vyake vyote vilizaliwa pamoja. Na kama fundi akikuta vijiguu vya uso vimekatwa, na uso umegandishwa kwa gundi, hapo ujue kwamba uso na mtambo havikuwa hata vya aina moja, na bei ishuke zaidi.

Kanuni ya kukumbuka ni hii. Kila alama iliyo usoni hutoa mpaka wa nyuma: hutuambia uso huu hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka fulani. Haituambii kwamba saa nzima ni ya mwaka huo. Faida ya kanuni hii huonekana zaidi katika mambo ya urithi. Ikiwa ukoo husimulia kwamba babu alinunua saa yake kabla ya vita, na uso una herufi T, wajukuu wasiharakishe kumwita babu mwongo wala kushtakiana kwamba mmoja wao aliibadili saa. Yawezekana uso ulivunjika na fundi akaweka mwingine. Fungueni nyuma kwanza. Mtambo waweza kumtetea marehemu.

USIUSUGUE

Neno la mwisho ni la kuokoa mali. Nyuso nyingi nzuri hazikuharibiwa na miaka, bali na watu waliotaka kuzipendeza. Uso wa saa si sufuria; usiusugue kwa majivu, wala mchanga, wala sabuni ya unga. Uso wa madini uliopakwa fedha waweza kupoteza maandishi yake yote kwa kupanguswa mara moja na kitambaa chenye maji. Uso wa enameli ni mgumu zaidi, lakini maji huingia katika nyufa, na jina lililopakwa bila kuchomwa hutoka. Nyuso za radiamu tumekwisha kuzisema. Kama uchafu wakuudhi, mwachie fundi aliyezoea kazi hiyo, na kama fundi huyo hayupo karibu, acha uchafu ulivyo. Mnunuzi mwenye ujuzi hutoa bei njema zaidi kwa uso mchafu ulio mzima kuliko kwa uso safi usio na jina.

Basi msomaji, kabla hujatoa fedha, na kabla hujaitupa saa ya mzee kwa kudhani haina maana, kaa nayo mbele ya dirisha na uiulize kwa taratibu. Wewe u kitu gani? Tarakimu zako ni za mtindo wa lini? Jina lako ni la nani? Chini ya 6 pameandikwa nini? Tundu lako laelekea wapi? Kisha fungua nyuma, usikilize kama mtambo na kasha vyasema vilevile. Watatu wakipatana, umepata saa. Wasipopatana, umepata habari, na mara nyingi habari hiyo itakuokolea fedha zako.